Tumekanyaga mstari wa Greenwich pale London, simu inasema hatujafika. Nani mwongo?

#1 Kipusa wa Pangani
Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi iliyopita tulikuwa London wanne: mimi, dada mmoja wa Bukoba ninayesoma naye, mshikaji wa Mombasa anayefanya kazi hukuhuku, na Mganda mmoja ambaye kila tukifika mahali swali lake la kwanza ni chakula kiko wapi. Big Ben na lile daraja la minara miwili tuliyamaliza asubuhi kwa miguu. Mchana tukapanda treni ya DLR hadi kituo cha Cutty Sark. Ile treni haina chumba cha dereva, kwa hiyo tuligombania viti vya mbele kabisa kama watoto wa chekechea.

Tukapanda kilima cha Greenwich mpaka kwenye kile kituo cha zamani cha kuangalia nyota. Tukalipa kiingilio (si hela ya mchezo kwa mwanafunzi), tukapanga foleni, tukafikia ule mstari wa chuma wa longitudo sifuri uliolazwa uani. Kila mtu anaweka mguu mmoja mashariki ya dunia na mwingine magharibi, anapigwa picha, anapisha. Nasi tukafanya hivyohivyo.

Sasa dada wa Bukoba ni mtu wa kuhakikisha. Huku kajigawa miguu, akafungua dira ya simu. Ikasoma nyuzi 0, dakika 0, sekunde 5 MAGHARIBI. Tukasema simu yake hiyo. Nikafungua yangu: sekunde 5. Ya Mganda: 5, mara 6, ikarudi 5. Ya Mombasa ilikuwa imezima tangu darajani.

Tukatoka getini tukaanza kuifuata simu kuelekea mashariki, mikono juu, kama watu wanaotafuta mtandao kijijini. Nilihesabu hatua 130 hivi. Sifuri ikatokea kwenye nyasi za bustani. Hakuna mstari wala foleni, kuna mama mmoja na mbwa wake wanatushangaa.

Mombasa akasema mstari ule uko pale tangu enzi za mababu, hauwezi kukosea, simu ndizo mbovu. Bukoba akasema mstari ndio uongo. Wakawekeana: atakayekosea anatununulia wote wanne samaki na chipsi. Mpaka leo hajalipa mtu. Wajuzi, nani mwongo?

#2 Ngosha Mpole
Naweka kambi hapa. Uzi wa nyuzi sifuri.

#3 Bwana Afya
Simu za Kariakoo hizo. Nunueni simu.

#4 Kipusa wa Pangani
Bwana Afya, simu tatu, kampuni tatu tofauti, moja ameinunua wiki mbili zilizopita hukuhuku. Zote zikosee kwa pamoja, tena upande uleule?

#5 Jirani Mwema
Jibu ni rahisi sana. Mabara yanatembea. Mstari uliwekwa zamani, Uingereza ikasogea, mstari ukasogea nayo. Setilaiti ziko juu, hazisogei na bara. Mada imefungwa.

#6 Hesabu za Usiku
Usifunge mada ya watu, Jirani. Tupige hesabu. Darubini iliyoweka mstari ule iliwekwa na George Airy, mkuu wa kituo kile, ikaanza kazi mwaka 1851. Bara la Ulaya linasogea sentimita 2 na nusu hivi kwa mwaka. Zidisha kwa miaka 175, unapata mita 4 na kidogo. Mleta mada katembea hatua 130, hiyo ni kama mita 100. Mita 96 zilizobaki zilisogezwa na nani?

#7 Jirani Mwema
Pengine zamani mabara yalikuwa yanakimbia zaidi.

#8 Hesabu za Usiku
Yalikuwa yanawahi wapi?

#9 Kijiwe Nongwa
Mnazunguka bure. Mfumo wa setilaiti ni wa jeshi la Marekani. Mmarekani hawezi kukubali sifuri ya dunia iwe uani kwa Mwingereza, akaihamisha makusudi ikaangukia kwenye nyasi za mbwa. Siasa hiyo.

#10 Dada wa Woolwich
Jamani mimi naishi jirani na hapo, kila mgeni akija kutoka nyumbani lazima nimpeleke, nimeshakanyaga huo mstari mpaka umenichoka. Niongeze kitu ambacho mleta mada hakukiona: mstari si mmoja. Kituo kilianzishwa mwaka 1675 na Mfalme Charles II, na wakuu kadhaa waliweka vyombo vyao, kila mmoja kwenye chumba chake. Kuna mstari wa Halley, kuna wa Bradley wa mwaka 1750, na huu wa Airy unaopigwa picha. Wa Bradley uko kama mita 6 magharibi ya wa Airy, na wachora ramani wa Uingereza wameendelea kuutumia huohuo wa Bradley. Kwa hiyo ndani ya ua mmoja zipo sifuri kadhaa. Ukiniuliza mimi, simu imesoma mstari mwingine tu.

#11 Kipusa wa Pangani
Asante dada. Ila huo wa Bradley uko magharibi, na sisi sifuri tumeikuta mashariki. Tena mbali kuliko mita 6.

#12 Dada wa Woolwich
Hapo umenipata.

#13 Mzee wa Forodhani
Assalaam alaykum. Mnajadili mstari, lile tufe jekundu juu ya paa mmelitazama? Hilo ndilo la maana pale. Tangu mwaka 1833 hupandishwa mlingotini na kuangushwa kila siku saa saba kamili mchana, mabaharia walioko mtoni Thames waziweke sawa saa zao kabla ya kung'oa nanga. Saa sita na dakika 55 linapanda nusu, saa sita na dakika 58 linafika juu, saa saba linashuka.

Mimi nililikosa kwa sababu ya kijana wa marehemu kaka yangu, aliyezaliwa huko. Nilimwambia kwa simu, "tukutane kilimani saa saba, tuone tufe." Akaitikia vizuri, naam ami. Nimekaa kwenye benchi hadi saa nane na nusu, simwoni, na tufe lenyewe nililipa mgongo nikiangalia njia anayotokea. Kumbe yeye kaiandika saa saba ya Kizungu, ya jioni. Saa moja usiku akanipigia: ami uko wapi, huku pamefungwa.

#14 Msee wa Umoja
😂😂😂 Mzee pole. Na hiyo ball huanguka masaa ya saa saba hata siku za baridi?

#15 Mzee wa Forodhani
Masaa ya saa saba ndiyo saa gani, mwanangu?

#16 Msee wa Umoja
Aki Wazanzibari mtatumaliza na hii lugha. Nimeuliza juu niliona kitu ya ajabu. Tulienda na wasee watatu mwezi wa saba. Ball ikaanguka, simu zetu zote zinasema saa saba. Lakini ile saa kubwa ya ukutani pale getini, ile ya kuhesabu 24, mshale ulikuwa kwa 12. Tukaambiana imekufa. Sasa kama saa ya wenye saa haiko sawa, hiyo mstari ndiyo itakuwa sawa?

#17 Dada wa Woolwich
Haijafa. Hiyo ni saa ya Shepherd, ipo pale ukutani tangu mwaka 1852, na yenyewe inafuata saa ya Greenwich mwaka mzima bila kujali mtu. Majira ya joto Waingereza wote wanasogeza saa zao mbele saa moja, tufe nalo linafuata saa za watu, ila saa ya ukutani haisogezwi. Kwa hiyo Julai tufe likishuka saa saba, saa ile inasoma kumi na mbili juu ya alama, na ndivyo inavyotakiwa. Na uso wake ni wa saa 24, sifuri ndiyo iko juu, kumi na mbili iko chini. Wageni wengi wanauona mshale umeelekea chini wanadhani ni saa kumi na mbili jioni.

#18 Ngosha Mpole
Yaani Julai London nzima haifuati saa ya Greenwich, imebaki saa ya ukutani pale Greenwich. Haya.

#19 Bwana Afya
Kwa nini waliangushe saa saba na si saa sita, jua likiwa utosini? Nahisi saa sita wote walikuwa mezani.

#20 Mzee wa Forodhani
La. Saa sita wanafalaki wenyewe ndio walikuwa na shughuli, wanalipima jua likipita. Wakilimaliza jua ndipo wana nafasi ya kuangusha tufe.

#21 Bwana Afya
Wanafalaki au wanajimu? Kitabu chetu cha shule kiliandika "mnajimu".

#22 Mzee wa Forodhani
Mnajimu ndiye anayekwambia utaoa lini. Mwanafalaki anakwambia jua litazama lini. Usiwachanganye, mmoja wao hulipwa kwa uongo.

#23 Mpima Viwanja
Wakuu, nimechelewa, nilikuwa site. Huu ni mkate wangu wa kila siku, miaka 20 sasa napima ardhi.

Simu za mleta mada hazijakosea. Na mstari haujakosea. Kila kimoja kinatumia dunia yake.

Niwape kisa. Kuna kijana aliletwa kwangu mafunzoni, tupo wilaya moja ya Morogoro. Nikampa ramani ya zamani ya milima na mito, nikamwambia asome koordineti za kona ya shamba, aingize kwenye kipokezi cha mkononi, akaangalie kama bikoni ipo. Akaondoka. Baada ya saa moja nasikia kelele ng'ambo ya kijito. Namkuta kijana kasimama katikati ya mahindi ya mzee wa watu, mzee kashika panga, anamuuliza nani kakutuma kuja kugawa shamba langu. Kijana anamwonyesha kioo: mzee, mashine inasema kona ni hapa!

Ramani zetu zile zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Kipokezi chake kilikuwa kwenye WGS 84, mfumo wa setilaiti. Namba ni zilezile, lakini kwetu ukizitoa huku ukazipeleka kule bila kuzigeuza, unaangukia mita 300 na ushei, zaidi kaskazini. London wana bahati, wao ni mita 102 tu.

Sababu ni kwamba kila mfumo una umbo lake la dunia, ukubwa wake, na mahali unapoamini ndipo kitovu cha dunia kilipo. Setilaiti zinazunguka kitovu halisi, kwa hiyo mfumo wao umefungwa pale. Mababu walikuwa wamefungwa na kile walichokiona wakiwa juu ya ardhi.

#24 Kipusa wa Pangani
Mkuu, hapo "kilichoonekana juu ya ardhi" ndipo nilipopotea. Airy alikuwa anaangalia nyota. Nyota hazina Arc 1960.

#25 Fundi Mwashi
Hilo niachieni mimi, sijasoma sana ila timazi, ile kamba ya kuning'iniza uzito, naijua. Nyota aliziona kwa darubini, sawa. Lakini darubini ili ielekee juu kabisa lazima kwanza ujue "juu" ni wapi. Unajuaje? Kwa timazi, au kwa pima maji. Sisi kwenye msingi tunatumia mpira wa maji, yale maji yenyewe yanakaa sawa pande zote mbili. Nimesoma mahali kwamba jamaa alitumia beseni la zebaki, wazo lilelile: kimiminika kinalala, unajua hapo ndipo bapa.

Sasa timazi inaelekea kule inakovutwa. Ikivutwa pembeni kidogo, na ukuta wako unakwenda pembeni na hutajua, maana kipimo chako ndicho hichohicho.

#26 Kijiwe Nongwa
Fundi, London ni tambarare. Mimi nimefika. Hicho kilima cha Greenwich chenyewe unakipanda huku unakula aiskrimu. Timazi ivutwe na nini, ghorofa za Canary Wharf? Na mwaka 1851 hazikuwepo.

#27 Mpima Viwanja
Fundi kasema kweli tupu, ningempa kazi. Kijiwe, usiangalie kinachoonekana. Mwamba chini ya ardhi hauna uzito sawa kila mahali, huku mzito, kule mwepesi. Timazi inaelemea kidogo upande wenye uzito, hata kama juu ni nyasi tupu. Kuna watafiti waliliandikia hili mwaka 2015 kwenye jarida la wanajiodesia, wale wanaopima umbo la dunia, wakahitimisha kwamba karibu tofauti yote ya Greenwich inatokana na mwelemeo huo, si mabara wala makosa ya Airy.

#28 Hesabu za Usiku
Ngoja nijaribu. Mita 102 gawanya kwa umbali wa kitovu cha dunia, kilomita 6,371. Kwa ukuta wa mita 3, timazi ya Airy ilielemea sehemu 5 za milimita iliyokatwa mara 100. Huo ni unene wa unywele mwembamba! Fundi gani duniani angeuona?

Lakini irefushe kamba hiyohiyo hadi katikati ya dunia, unywele unakuwa mita mia. Nimeshiba bila kula.

#29 Fundi Mwashi
Kuna maboss wangeniambia ukuta umepinda hata kwa huo unywele, halafu wakanikata hela.

#30 Jirani Mwema
Kwa hiyo zile mita 4 za mabara yangu zimo au hazimo?

#31 Hesabu za Usiku
Kaa hapohapo na mita zako 4, tutakuita.

#32 Kijiwe Nongwa
Mimi sijaridhika. Hata kama timazi ilielemea, mfumo wa setilaiti uliwekwa na watu. Wangeweza kabisa kuamua sifuri yao ianzie pale kwenye chuma. Mbona hawakufanya? Mpima, jibu hilo.

#33 Mpima Viwanja
Waliamua kulinda saa badala ya kulinda chuma. Ungeivuta sifuri mita 102 ili ikae kwenye chuma, nyota zingeanza kupita juu ya sifuri yako kwa wakati tofauti na zamani. Ni theluthi ya sekunde hivi, lakini kwa wanafalaki theluthi ya sekunde ni bahari. Kwa hiyo mwelekeo wa angani ukabaki ni uleule, mahali pa ardhini ndipo palipohama.

#34 Kijiwe Nongwa
Yaani walikuwa na uchaguzi, wakachagua. Ndicho nilichosema #9. Siasa.

#35 Sauti ya Kasulu
Mnaongea mambo ya miamba, mbona hamuulizi kwanza kwa nini sifuri iwe Uingereza? Si ndiyo huo mkutano wa Berlin wa 1884, wakagawana Afrika na kugawana saa siku hiyohiyo.

#36 Hesabu za Usiku
Mwaka sawa, mkutano siyo. Wa mstari ulikuwa Washington, Oktoba 1884, nchi 25. Kura 22 zikasema Greenwich, San Domingo (leo Jamhuri ya Dominika) ikapinga, Ufaransa na Brazili hazikupiga. Sababu kubwa ilikuwa ya biashara: asilimia 72 hivi ya shehena za baharini tayari zilisafiri kwa ramani za Greenwich. Wa Berlin ulianza 15 Novemba, mwezi uliofuata.

#37 Sauti ya Kasulu
Nimekubali kusahihishwa. Lakini mwezi mmoja! Oktoba wanachora mstari wa kuanzia kuhesabu, Novemba wanakaa kuhesabu. Na kwenye hizo nchi 25 Mwafrika hakuwepo.

#38 Dada wa Woolwich
Liberia ilikuwepo.

#39 Mzee wa Forodhani
Na Sayyid Barghash alikuwa Unguja wakati huo, na majahazi yake na meli zake, wala hakuna aliyemwalika. Sisi hatukuwa na haja ya mstari wao. Saa yetu inaanza kuhesabu jua likitoka, basi. Angalieni: saa rasmi ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye nyuzi 45, na Dar na Unguja ziko kwenye nyuzi 39 na kidogo. Kwa hiyo jua likifika utosini kwetu saa ya ukutani kwa wastani inasema saa sita na dakika 23. Mtu asiyejua anauliza mbona adhana ya adhuhuri imechelewa. Haikuchelewa adhana, saa ndiyo imewahi.

#40 Msee wa Umoja
Mzee hapo nimekupea heshima. Lakini bado unaniwekea saa saba ya mchana halafu unashangaa kijana kukosa.

#41 Mzee wa Forodhani
Kijana alikosa kwa kuwa babake hakumfundisha. Tuliachane.

#42 Mwana Bukavu
Jambo kwenu. Miye niko Paris. Wafaransa walikataa kupiga kura kwa sababu walikuwa na mstari wao, unapita kituo chao cha nyota hapa hapa mjini. Nilitembea nao na marafiki Jumapili moja: mwaka 1994 waliweka visahani vya shaba 135 chini, kwenye njia za miguu, vimeandikwa ARAGO, vinafuata mstari. Tulianza asubuhi tunavitafuta kama watoto, vingine vimeng'olewa. Hakuna foleni, hakuna kiingilio.

Wamekaa na saa yao mpaka 1911. Na walipokubali, sheria yao haikuandika neno Greenwich. Iliandika kwamba saa ya Ufaransa ni saa ya Paris iliyorudishwa nyuma dakika 9 na sekunde 21.

#43 Ngosha Mpole
Hahaha! Kama mtu aliyenuniana na jirani: "nakwenda kwa yule anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu."

#44 Kipusa wa Pangani
Mwana Bukavu, hiyo naichukua, Paris ndiyo safari yetu ijayo. Nyie wa London, kuna cha bure huku au mpaka mtu alipe?

#45 Dada wa Woolwich
Mngeniuliza kabla. Msiingie uani. Pitieni njia ya chini ya ukuta, kuna kigeti kidogo, na mstari uleule umeshuka ukutani hapo nje. Picha inatoka vilevile, na foleni ni ya watu watatu. Makumbusho ya mambo ya bahari pale chini ni bure. Na kabla ya kushuka angalieni ile sanamu ya Jenerali Wolfe mbele ya kituo: jiwe lake limejaa vishimo vya vipande vya bomu la Vita Kuu ya Pili, watu wanaliegemea wapige picha ya ghorofa na hawajui wameegemea nini.

Mkitoka, msirudi na treni. Karibu na meli ya Cutty Sark kuna kijumba cha duara chenye kuba. Ndani yake mnashuka kwenye njia ya miguu inayopita chini ya mto Thames, imefunguliwa mwaka 1902, mita 370. Vigae vyeupe mwanzo mwisho, baridi, na mtu akikohoa upande wa pili unamsikia. Mkitokea ng'ambo geukeni nyuma, mtauona Greenwich wote na kilima juu yake. Mwonekano mzuri kuliko wote wa siku ni huo, na hamjatoa hata senti.

#46 Bwana Afya
Chini ya mto? Mimi nabaki na mbwa wa yule mama.

#47 Mchapa Lapa
Na kama dunia ni bapa, hizo nyuzi zinahesabiwaje? Fikirini.

#48 Fundi Mwashi
Njoo na timazi yako tuzungumze.

#49 Kigingi Kipya (amejiunga leo)
Hamjambo. Mimi ndiye huyo wa Mombasa. Nimeonyeshwa huu uzi na mtu kazini, nimejiunga kwa sababu naona nahukumiwa nikiwa sipo.

Kwanza, simu yangu ilizima kwa sababu mleta mada aliitumia kupiga picha zake darajani, hilo hakuliandika.

Pili, someni #36. Mwaka 1884 zilipigwa kura 22, na walipigia kura darubini ya Airy, hawakupigia nyasi. Mstari ni ule uliopigiwa kura. Mpima mwenyewe #23 amesema mstari haujakosea. Basi sijakosea, na samaki silipi.

#50 Kipusa wa Pangani
Bukoba yuko pembeni yangu anasoma. Anasema andika hivi: Mpima huyohuyo #23 amesema na simu hazijakosea, na wewe ulisema simu ni mbovu. Neno lako ni lile. Alipe.

#51 Kigingi Kipya
Na yeye alisema mstari ni uongo. Naye alipe.

#52 Mpima Viwanja
Jamani msinitumie mimi kama shahidi wa chipsi.

#53 Kijiwe Nongwa
Mmarekani ndiye alipe.

#54 Jirani Mwema
Mimi mita 4 zangu zimo. Naomba robo ya samaki.

#55 Kipusa wa Pangani
Mganda anauliza tu mmeshakubaliana au bado, maana tangu Jumamosi ile hajaacha kuikumbuka ile harufu pale sokoni.

Tumeamua tunarudi Jumamosi hii, safari hii kwa kigeti cha Dada wa Woolwich. Bukoba amenunua kamba ya mita 3 na amefunga jiwe, anasema atauona unywele huo kwa macho yake.

#56 Fundi Mwashi
Jiwe halifai, linazunguka na upepo. Afunge nati kubwa, aizamishe kwenye ndoo ya maji itulie. Na asimame yule wa Mombasa upande wa upepo, angalau awe na kazi.